Dawa ya Kuzuia

Lebu yetu, maabara ya hospitali ya Homa Bay, miaka ile ya tisini, ilikuwa na mlango mmoja na madirisha yenye vyuma. Siku moja mama mmoja wa Uriri alikaa kwenye benchi nje ya huo mlango tangu asubuhi, mapajani mtoto aliyevimba taya. Nikashindwa kutoka hata kwenda chooni, maana nilijua anachongoja.

Chanzo ni neno. Sisi wa lebu kila kitu cha chupani tunakiita dawa, hata sabuni. Mwenzangu, mtu wa domo, alipopokea kifurushi kutoka Nairobi asubuhi hiyo alipaza sauti koridoni, "Dawa ya kuzuia imefika!" Mama akasikia. Akamwambia sista wa wadi kwamba hizo sindano zinazomtapisha mtoto basi, anangoja hii mpya.

Saa sita sista akaingia lebu amefura kwa hasira. "Umenishikia mgonjwa. Akikosa sindano ya leo, huo uvimbe utamrudia vibaya. Mtoe wewe."

Nitamtoaje, jamani? Kilichofika kilikuwa peptidi, unga kidogo chini ya kichupa, kipande cha protini cha kutengenezwa na watu. Nilikuwa na kingamwili ya kutia rangi protini inayokarabati DNA ndani ya seli za uvimbe, wa mtoto huyu ukiwemo. Lakini ilishika protini hiyo kweli, au ilishika chochote ilichokutana nacho? Unailisha kingamwili peptidi kwanza, kipande cha protini ileile, inashiba na haishiki tena. Rangi ikipotea, ulikuwa sawa. Ikibaki, ulikuwa unatwanga maji. Niliungoja unga huo kwa miezi, na ulipofika nikauogopa.

Nikafungua mlango. "Mama, hii si ya kumpa mtu. Ni ya kuzuia ile dawa nyingine isishike."

Akavuta leso, akamfunika mtoto. "Kumbe mnazuia dawa isishike? Ndiyo maana haponi."

Maji yakazidi unga. Hasira ikanipanda, kwake, kwa mwenzangu, kwa Kiswahili chenyewe.

"Sindano za wadi hakuna anayezizuia," nikasema. "Hii ni yangu mimi. Inanionyesha kama nimejidanganya."

Akafikiri. "Sasa daktari, ukishajua hujajidanganya, mtoto wangu anapata nini?"

Nilikuwa na maneno tayari: utafiti, kesho, watoto wengine. Nikamtazama yule mtoto, anapumulia mdomo, nikayaacha.

"Leo, mama, hapati kitu."

Akainuka, akamfunga mtoto mgongoni. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniuma.

"Ungesema hivyo asubuhi," akasema, "angekuwa ameshadungwa."

Akaenda wadini. Jioni nikafanya kipimo changu, rangi ikapotea yote. Nilikuwa sawa. Nikakaa humo ndani, mlango wazi, benchi tupu, nisijue nimwambie nani.