Dawa Imeisha, Mwili Bado

Siku tuliyopura mtama wa Mjomba Msengi naikumbuka mpaka leo, mwanangu, na kila ninapoikumbuka natamani ningebaki nyumbani. Au ningekwenda, lakini ningesema neno moja kabla ya kushika fimbo. Neno lenyewe ni fupi, hata mtoto analiweza. Ila nilikuwa na miaka ishirini na saba, na katika umri ule yapo maneno mafupi yanayokwama kooni.

Ngoja nianzie nyuma kidogo ili twende pamoja.

Nilikuwa nachimba dhahabu kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo kule Sekenke. Siku moja udongo uliporomoka tukiwa shimoni watu wawili. Tulitolewa wote tukiwa wazima, namshukuru Mungu, lakini tangu hapo usingizi ulinikimbia. Nikifumba macho nausikia ule udongo ukishuka. Nikarudi nyumbani Ulemo, nikaenda zahanati, nikapewa vidonge vya kulalia vya wiki mbili. Aliyenipa hakukosea, maana alinieleza vizuri kwamba ni vya muda mfupi. Mimi ndiye niliyekosea. Vilipoisha nilikwenda kununua vingine kwenye duka la dawa, nikasema ni vya mama. Wiki mbili zikawa mwaka, mwaka ukawa miwili. Kidonge kimoja kikawa hakitoshi, nikameza viwili.

Sikuwahi kujiona kama mtu anayetumia dawa vibaya. Watu hao niliwawazia wamekaa vijiweni mjini, macho mekundu. Dawa yangu ilikuwa kwenye pakiti safi yenye maandishi ya kiwandani. Ningewezaje kuiogopa?

Nilipoamua kuacha, niliacha kwa hasira. Nikavitupa vidonge vyote chooni asubuhi moja, nikajisifu. Siku ya tatu nilianguka uani mbele ya mama, mwili mzima ukitikisika na povu likinitoka mdomoni. Hospitalini nilikutana na daktari mmoja, mama wa makamo mwenye sauti ya taratibu, ambaye sikutegemea atakachofanya: alinirudisha kwenye dawa ileile. Halafu akaanza kunipunguzia robo kwa robo, kwa miezi mingi.

"Ubongo wako umezoea kuegemea kitu," aliniambia. "Ukikiondoa ghafla, unaanguka. Tutakiondoa polepole, nao ujifunze kusimama."

Siku aliyonipa robo za mwisho alisema jambo jingine, na hili ndilo nililolisikia nusunusu. "Dawa itaisha kabla mwili haujatulia. Usishangae. Misuli inaweza kurukaruka, masikio yakavuma, miguu ikachomachoma. Vitakuja na kuondoka, kwa wengine wiki kadhaa, kwa wengine miezi, hata zaidi. Ukipata wiki nzuri usidhani ndiyo mwisho. Ukipata wiki mbaya usidhani umerudi mwanzo. Na kikija kitu kipya usichokielewa, njoo nikuangalie."

Nikaitikia, lakini moyoni nilikuwa tayari njiani kurudi kijijini kusema nimepona. Robo ya mwisho niliimeza mwezi wa tano. Mama akachinja jogoo. Akawatangazia majirani kanisani na kisimani kwamba mwanawe amemaliza dawa, ni mzima.

Mwili wenyewe haukuwa umeambiwa. Wiki ya pili nyayo zilianza kuwaka kama nimekanyaga majivu ya moto. Masikioni kukawa na mlio mwembamba, kama mdudu aliyejificha kwenye nyasi, hanyamazi. Shingo ikakaza. Na mkono wa kulia ukawa na tabia yake: nimetulia tu, mara unaruka wenyewe, kama mtu aliyeguswa kwa ghafla. Kikombe cha chai kiliniponyoka mara mbili. Mama alipouliza nikasema kilikuwa cha moto.

Kwa nini nilificha? Nimejiuliza swali hilo maisha yangu yote. Niliogopa kumharibia mama furaha. Niliogopa watu waseme nimerogwa, au nadeka. Na kuna hili la kwetu ambalo huenda ninyi mnalijua kwa kusimuliwa tu: mtu aliyetoka kitandani haaminiwi kuwa amepona kwa kusema. Anaaminiwa siku anaporudi kwenye kazi ya watu. Kwangu, kazi iliyokuwa mbele ilikuwa kupura mtama wa mjomba, kaka yake mama. Na mpwa kukosekana kwenye uwanja wa mjomba wake ni aibu kubwa kuliko ugonjwa.

Siku hizi mashine zinapura, kwa hiyo nikueleze tulivyofanya. Masuke yanamwagwa katikati ya uwanja uliosiribwa udongo na mavi ya ng'ombe ukakauka. Watu wanasimama safu mbili, wakitazamana, kila mmoja na fimbo yake ndefu. Safu hii ikipiga, ile inainua. Ile ikipiga, hii inainua. Wimbo ndio unaoshika mwendo. Mkishazoeana, unaweza kuinama na kusogeza masuke kwa mkono wakati safu ya mbele yako imeinua fimbo, kwa sababu unajua kabisa haitashuka kabla ya zamu yake. Unamwamini aliye mbele yako.

Nilifika mapema, upepo wa mwezi wa saba ukituchapa nyuso.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Mwili unasemaje?"

"Mzima kabisa, mjomba."

Alinitazama kidogo. "Kweli?"

"Kweli."

Shemeji yangu Hamisi, Mnyaturu aliyemwoa dada yangu, mtani wangu wa kila siku, akapaza sauti: "Jamani, mchimbaji kaja! Mtama ujifiche, huyu atautafuta mpaka chini ya ardhi!"

"Na wewe umekuja kupura, au umefuata harufu ya togwa?" nikamjibu.

"Vyote, shemeji. Tena togwa kwanza, nguvu zitafuata."

Watu wakacheka, nami nikacheka, nikajiona nimerudi miongoni mwa watu. Nikasimama kumkabili mjomba. Asubuhi yote ilikwenda vizuri. Jasho lilinitoka, wimbo ulinibeba, nikaanza kuamini uongo wangu mwenyewe.

Karibu na saa sita safu yetu iliinua fimbo. Mjomba akainama kusogeza masuke, kama alivyofanya mara mia asubuhi ile. Mkono wangu ukaruka. Fimbo ikashuka peke yake, nje ya wimbo, juu ya mkono wake wa kulia.

Hakupiga kelele. Alikaa chini taratibu, akaushika ule mkono kwa mkono mwingine. Wimbo ukafa. Hamisi akaitupa fimbo yake, akamkimbilia.

Nikapiga magoti kwenye masuke nikilia. "Sikukusudia, mjomba! Mkono unaruka wenyewe, una wiki nyingi sasa, sijui..."

"Wiki nyingi?"

"Ndiyo."

Akavuta pumzi kwa meno. Kisha akasema, bila hasira, na heri angekuwa na hasira: "Mkono wako unaumwa, mpwa wangu. Hilo si kosa lako. Na mdomo wako, nao ulikuwa unaumwa? Asubuhi nimekuuliza mara mbili."

Mjomba Msengi alikuwa mchonga mizinga ya nyuki. Watu walitoka mpaka Kinyangiri kuja kuagiza mizinga yake, kwa sababu alilitoboa gogo ndani likawa laini kama kibuyu, na nyuki hawakuwa wakichelewa kuingia. Mfupa ulikuwa umevunjika, akafungwa hogo, ile plasta ngumu ya hospitali. Hogo lilipotolewa, vidole viwili vilikataa kukunjika. Alijaribu kushika tezo, lile shoka dogo la kuchongea, kwa mkono wa kushoto, likawa linateleza. Baada ya muda akampa mtu mwingine lile tezo. Mbele yangu hakuwahi kulalamika hata siku moja, na hilo ndilo lililonichoma zaidi.

Sasa sikia jambo ambalo ni wachache waliopata kulisikia kwangu. Siku chache baada ya tukio lile niliwaza hivi: vile vidonge vingeutuliza huu mkono. Nikimeza, sitaumiza mtu tena. Unaona jinsi akili inavyoweza kulivalisha kosa nguo za wema? Nikatembea mpaka duka la dawa. Muuzaji aliponiona akatabasamu, akanyoosha mkono kwenye rafu kabla sijasema lolote.

"Za mama?"

Nilisimama pale, masikio yakivuma. Nikasema, "Mama haumwi. Hajawahi kuumwa. Ni mimi." Nikageuka nikatoka mikono mitupu.

Sikwenda nyumbani. Nilikwenda kwa mjomba, nikamweleza yote: shimo, vidonge, uongo wa dukani, kilichokuwa kinaendelea mwilini, na mahali nilikotoka muda ule. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Kumbe bado hujapona."

"Bado, mjomba."

"Haya. Sasa tunaweza kupanga kazi."

Kesho yake alinituma kwanza hospitalini. Yule daktari alinipima asije akakosa kuuona ugonjwa mwingine, akanihakikishia kwamba mwili unajirekebisha, haujaharibika. Akanikataza pombe kabisa, kwa sababu inaushika ubongo palepale vidonge vilipoushika. Akanikumbusha nile kwa wakati, nitembee kila siku, nisilale mchana kufidia usiku.

Baada ya hapo, kila asubuhi mjomba alikuwa akiniuliza habari za mwili, nami nikimjibu kama ulivyo. Leo miguu inawaka. Leo masikio tu. Leo moyo umekwenda mbio bila sababu. Hakunihurumia wala kunibeza. Alisema "Haya," kisha akanipa kazi inayolingana na siku hiyo: kufuata ng'ombe malishoni, kuanua mtama, au kukaa kivulini kuchambua mbegu. Kwa hiyo siku mbaya ilikuwa siku mbaya tu, haikuwa hukumu.

Ilichukua mwaka na zaidi. Moyo ulitulia kwanza, kisha nyayo. Mkono uliruka mara moja kwa wiki, halafu mara moja kwa mwezi. Masikio yalikuwa ya mwisho, na siku yalipoacha kuvuma siijui. Niligundua tu siku fulani nikiwa malishoni kwamba nausikia upepo peke yake.

Mjomba ametangulia mbele za haki. Alinisamehe siku ileile ya kupura, na alikufa tukiwa watu wa karibu sana. Lakini msamaha haukumrudishia vidole, na mimi sina mtu mwingine wa kumlaumu.

Kwa hiyo, mwanangu, kama uko kwenye dawa hizi na unataka kuacha, usiache peke yako wala kwa ghafla. Mwone daktari akushushe polepole. Na kama umeshaacha, na mwili bado unakufanyia vituko, usikate tamaa, wala usikimbilie dukani. Kuchelewa kupona ni sehemu ya kupona. Ukianguka ukitikisika, au ukipata jambo linalokutisha, nenda hospitali siku hiyohiyo. Yaliyobaki yape muda, na muda huo uupitie ukiwa na watu wanaojua. Chagua hata mmoja tu. Akikuuliza mwili unasemaje, mwambie ukweli, hasa kama mkono wako unashika kitu kinachoweza kumuumiza mwenzako: fimbo, panga, usukani. Kusema "bado" hakukupunguzii utu. Mimi nililikwepa neno hilo, na aliyelilipia ni mtu aliyenipenda.

Mungu akuvumilishe na mwili wako mpaka utulie. Akupe watu wanaouliza mara mbili, na akupe ulimi mwepesi wa kuwajibu. Amina.