Mguu Uliokanyaga Mara Tatu

Lori nililokuwa nikiliendesha Mbeya miaka ile lilisimama kwa kukanyagwa breki mara tatu. Mara ya kwanza pedali ilizama hadi sakafuni kama mguu unaoingia kwenye tope. Mara ya pili ilikutana na kitu laini. Mara ya tatu ndipo magurudumu yaliposhika. Kati ya ya kwanza na ya tatu lori lilikuwa limekwisha kupita nyumba mbili au tatu, kwa hiyo nilijifunza kuanza kusimama mapema. Sikuona hatari yoyote. Niliona ndiyo tabia yake, kama mtu mwingine alivyo na kigugumizi.

Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu. Shule niliiacha darasa la nne, kwa sababu barabara ilipita mbele ya dirisha la darasa na mimi nilikuwa nikitazama barabara. Nilichuma chai Tukuyu, nikachimba mchanga wa dhahabu Chunya, nikapakia mbao, na kila mahali nilikaa mpaka nilipoelewa kazi inavyokwenda, kisha nikaondoka. Udereva ndio ulionishika kwa muda mrefu, maana gari halikwishi kueleweka.

Mwenye lori alikuwa mfanyabiashara Mwislamu, mwenye duka la nguo karibu na soko la Mbeya. Babu yake alikuja huku kutoka pwani na msafara, na yeye mwenyewe bado alisema Kiswahili cha kule, laini, hata alipokuwa amekasirika. Mdogo wake alikuwa Iringa na lori jingine la aina ileile. Tulibeba mchele wa Usangu, viazi, na watu waliokaa juu ya mchele na viazi.

Siku moja bwana huyo aliniita dukani akaniambia kwamba sasa kila gari la abiria lazima lipimwe na mkaguzi wa serikali. Bila cheti cha mkaguzi, leseni ya gari haitolewi tena.

"Linapimwa wapi, Bwana?" nikamuuliza.

"Mimi nauza khanga. Nenda kaulize."

Nikaenda Bomani. Karani aliyekuwa dirishani alinitazama kama niliyepotea. "Hapa hatupimi magari," akasema. "Nenda yadi ya barabara, kule wanakoweka magreda."

Yadini nilimkuta mlinzi, mzee wa Kisafwa aliyevaa koti la jeshi. Nikamwamkia, nikamuuliza habari za ukaguzi.

"Mzungu wa magari? Alikuwa hapa wiki iliyopita. Sasa yuko Iringa, yadi ya kule. Akitoka Iringa anakwenda Dodoma. Mpaka arudi hapa, mvua zitakuwa zimeanza."

Leseni yetu ilikuwa inakwisha kabla ya mvua. Ningeweza kuondoka hapo, lakini mimi siwezi kuona jambo nisilolijua nikaliacha. Nikamuuliza, huyo mzungu anapima nini hasa?

"Anagonga vyuma kwa nyundo ndogo. Anawasha taa, anapiga honi, anatikisa usukani. Halafu anapanda na dereva, wanakwenda mteremkoni, anamwambia simama. Dereva anakanyaga breki mara moja, gari linasimama au halisimami."

"Mara moja tu?"

"Mara moja. Wewe unataka ngapi, mjukuu wangu?"

Hapo ndipo hofu iliponiingia. Mpaka siku ile sikuwa najua kwamba magari ya watu wengine yanasimama kwa mara moja.

Nikarudi dukani nikamweleza bwana. Alisikiliza yote, kisha akaagiza lori lipakwe rangi. Alidhani ukaguzi ni kama ukaguzi wa askari gwarideni. Bodi likapakwa rangi ya buluu, nati za magurudumu zikapakwa nyeupe, na asubuhi ya safari alikuja mwenyewe na chetezo, akafukiza ubani ndani ya kibanda cha dereva mpaka nikakohoa.

"Bwana, na breki?"

"Breki si inashika?"

"Inashika mara ya tatu."

"Basi inashika." Akanipa barua iliyofungwa. "Mpe mdogo wangu. Atajua la kufanya."

Nilikwenda na lori tupu, bila mzigo wala mtu. Njia ile nilikuwa nimeipita mara nyingi nikiimba. Safari hii sikuimba. Kila mteremko niliuhesabu kwa mguu: moja, mbili, tatu, na kila mara nilijiuliza ingekuwaje kama mtoto angekatiza kati ya moja na mbili. Nililala Igawa, kesho yake nikapita Makambako na upepo wake, na jioni nikafika Ipogolo, pale barabara inapovuka mto na kuanza kupanda kwenda Iringa mjini. Kupanda hakuna shida. Lakini nilitazama kioo cha pembeni, nikaona mlima unavyoanguka nyuma yangu mpaka darajani, nikakumbuka kwamba nitarudi kwa njia hiyohiyo.

Mdogo wake bwana alisoma barua, akatikisa kichwa, akanipeleka kwa fundi wake. Fundi alikuwa Mhehe mfupi, mikono imeota weusi wa grisi. Aliingia chini ya lori letu akatoka mara moja.

"Silinda ya breki imekwisha," akasema. "Mipira ya ndani imeliwa. Mipya inatoka Dar, si leo wala wiki ijayo."

"Tutafanyaje?"

Akaonyesha kidole lori la mdogo wake bwana lililokuwa limesimama uani. "Tutamvua huyu tumvike huyu. Ukishafaulu tunamrudishia mwenyewe. Keshokutwa ana safari ya Dodoma."

"Mnafanya hivyo?"

Alicheka. "Dereva, siku za ukaguzi Iringa nzima ina matairi manne mazuri. Yanazunguka tu, gari hadi gari. Mkaguzi angekuwa na akili angeyasalimia kwa majina."

Nilicheka na mimi. Asubuhi alifunga ile silinda, kitu cha chuma kisichozidi gunzi la hindi. Nikakanyaga kwa mara ya kwanza. Pedali ikanisukuma mguu kama mtu anayekuzuia mlangoni.

Yadini palikuwa na foleni ya malori na mabasi, yote yameoshwa. Mkaguzi alikuwa mzungu mwembamba mwenye kaptura, na pamoja naye msaidizi, Mwafrika mwenye miwani aliyeandika kwenye ubao wenye karatasi. Walipofika kwangu, mzungu hakuitazama rangi ya buluu. Alilala chini kifudifudi na tochi. Nikasikia nyundo, ngo, ngo, ngo. Kudanganya serikali lilikuwa jambo la kufungwa, na jela ya Iringa niliijua kwa nje.

Kisha akapanda kando yangu, msaidizi akakaa mwishoni. Tukatoka hadi kwenye mteremko mfupi nyuma ya yadi.

"Kwenda," akasema mzungu. Nikaenda. "Kwenda, kwenda." Lori likashika kasi. "Simama!"

Mguu wangu ulikuwa na miaka miwili ya mazoea. Ulikanyaga kwa nguvu zote, kama ulivyozoea kukanyaga pedali isiyo na kitu. Lori likasimama hapohapo kama lililogonga ukuta. Kofia ya mzungu ikaruka ikagonga kioo. Na mguu, wenyewe, bila mimi kuuambia, ukakanyaga mara ya pili na ya tatu, gari likiwa limesimama tuli.

Mzungu alitazama mguu wangu. Akasema kitu kwa Kiingereza.

"Anauliza," msaidizi akasema polepole, "kwa nini umekanyaga mara tatu."

"Mazoea tu, mzee. Gari nililoendesha zamani lilikuwa bovu."

"La zamani."

"La zamani."

Msaidizi alinitazama kupitia miwani yake muda ambao naweza kuukumbuka hata sasa. Kisha akamtafsiria mzungu. Mzungu akaokota kofia, akatia sahihi. Cheti kilibandikwa kwenye kioo cha mbele, kikiwa na muhuri. Nilipaswa kufurahi.

Mchana uleule fundi aliitoa silinda nzuri akarudisha yetu mbovu. Alinijazia mafuta ya breki mpaka juu, akanipiga begani. "Kanyaga zako tatu, utafika." Na mdogo wake bwana alikuwa amekwisha kunitafutia abiria.

Walikuwa kumi na tisa, wamekaa juu ya magunia ya mahindi. Walilichagua lori letu kwa sababu ya kile cheti. Niliwasikia wakiambiana: hili limepimwa leo na mzungu. Bibi mmoja wa Kibena, anayekwenda Makambako na kuku kwenye tenga, alikuja mpaka dirishani kwangu.

"Kamwene, baba."

"Kamwene, bibi."

"Ile karatasi ndiyo inasema gari ni zima?"

"Ndiyo, bibi."

"Umeisoma?"

"Nimeisoma."

"Haya. Maana mimi milima naiogopa." Akapandishwa nyuma na kuku wake.

Kutoka sokoni hadi ukingo wa mji si mbali. Nilipofika pale barabara inapoanza kuangukia Ipogolo, na kuona mto kule chini ukiwa kama uzi, niliondoa mguu kwenye mafuta. Nilipokwenda Iringa lori lilikuwa tupu. Sasa nyuma yangu palikuwa na magunia na watu kumi na tisa, na uzito wao wote ulikuwa ukinisukuma. Nikasimamisha gari mahali pa tambarare pa mwisho, nikavuta breki ya mkono, nikashuka.

"Abiria wote washuke," nikasema. "Mtatembea mpaka darajani. Nitawasubiri chini."

Wakadhani natania.

"Mimi nimelipa nauli ya kukaa," mtu mmoja mwenye kofia ya manyoya akasema, "miguu ninayo bure nyumbani."

"Dereva analiogopa gari lake!"

"Pengine mzungu amekataza wanene. Shuka wewe mama, sisi tuendelee!"

Walicheka. Sikuweza kuwaambia kwa nini. Kama ningesema, wangesema mjini, na maneno yangefika yadini kabla ya jua kuzama. Nilirudia tu: shukeni. Yule bibi alikuwa wa kwanza kushuka. Alinitazama usoni, akachukua tenga lake, akaanza kuteremka. Wengine wakamfuata wakinitukana.

Niliingiza gia ya kwanza, nikaachia breki ya mkono. Injini ililia. Katikati ya mteremko nilikanyaga: moja, ikazama. Mbili, ikazama. Tatu, ikazama. Nne. Tano. Hapakuwa na kitu chini ya mguu wangu. Gia ikaruka yenyewe, na ile kelele ya injini ikanyamaza, nikasikia upepo tu. Nakumbuka nati nyeupe zilizopakwa rangi, sijui kwa nini niliziwaza nati. Nakumbuka harufu ya ubani ingali ndani ya kibanda. Darajani palikuwa na wanawake wanafua. Nikakata usukani kushoto, kwenye ukingo wa udongo mwekundu, na lori likapanda ukingo, likainama, likalala ubavu mmoja juu ya magunia yake. Mwili wangu wote ulikuwepo. Meno mawili hayakuwepo.

Abiria walinikuta nimekaa kando ya barabara. Hakuna aliyecheka. Walisimama wakitazama magunia yaliyopasuka, pale walipokuwa wamekaa wao. Yule wa kofia ya manyoya aliivua, akaikunjakunja mikononi.

Bibi alichuchumaa mbele yangu.

"Ulijua," akasema.

"Nilijua, bibi."

"Na ile karatasi?"

Niliinuka nikaibandua kwenye kioo kilichopasuka, nikamsomea, kidole chini ya kila neno, kama nilivyofundishwa darasa la nne. Taa, nzuri. Usukani, mzuri. Breki, nzuri. Akaisikiliza yote.

"Irudishe kwa mwenyewe," akasema. "Imesema uongo, lakini haikujituma yenyewe."

Niliupanda ule mlima kwa miguu, nikitema damu. Sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa katika kupanda kule. Kwenye usukani hofu ilikwisha kwa muda mfupi, lakini hii nilitembea nayo hatua kwa hatua, na kila hatua ningeweza kugeuka. Yadini mkaguzi alikuwa amekwisha kuondoka kwenda Dodoma. Msaidizi mwenye miwani alikuwa akifunga ofisi. Nikamwekea cheti mezani, nikamweleza yote: silinda, barua, mteremko. Fundi tu ndiye sikumtaja.

"Kwa hiyo gari la zamani lilikuwa hilihili," akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Niliuona mguu wako. Nikajiambia, si kazi yangu, bwana mkubwa ameridhika." Alikaa, akavua miwani, akafuta vioo ambavyo havikuwa na vumbi. "Kulikuwa na watu nyuma?"

"Niliwashusha."

Alichukua penseli nyekundu, akaandika katikati ya cheti, juu ya muhuri na sahihi ya mzungu: HALIFAI. Kuandika juu ya sahihi ile kungeweza kumtoa kazini. Kisha akaniambia niende hospitali nikatazamwe mdomo. Hakuita askari. Nilingoja kuitwa wiki nzima, nikilala kwa watu tofauti, nikishtuka kila nilipoona kofia ya polisi. Hakuna aliyekuja.

Mbeya nilirudi kwa lori la watu wengine. Bwana alikuwa ameshapata habari. Aliniuliza jambo moja tu, kwa ile sauti yake laini: mbona sikukanyaga tatu? Nikamwambia nilikanyaga tano. Akaendelea kukunja khanga. Sikumwendeshea tena, na wala hakunitafuta.

Nimepanda magari mengi tangu wakati ule, na vyeti nimeviona vingi kwenye vioo. Sivisomi. Ninakaa mahali ninapoweza kuuona mguu wa dereva, na kabla hatujatoka mjini, anapopunguza mwendo mara ya kwanza, mimi huwa ninahesabu.