Mkono wa Kushoto wa Mama Rebeka

Hellen Chenge alianza kupiga kinanda katika kanisa moja la Buswelu kabla hajaolewa. Jumapili alipiga nyimbo za kwaya. Siku za kawaida, kanisa likiwa tupu, alijipigia sonata za Haydn, mtunzi wa kale wa Ulaya, alizofundishwa na mtawa mmoja huko Nansio alikozaliwa. Zilitungwa kwa ajili ya piano, lakini piano hakuwa nayo, akazoea kuzisikia kwa sauti ya kinanda.

Mwaka juzi alikwenda Nansio kwenye msiba wa shangazi yake. Akiwa anaosha masufuria ziwani, aliteleza kwenye jiwe, akajizuia kwa mkono wa kushoto. Chini ya maji kulikuwa na chupa iliyovunjika. Kidonda kilishonwa, kikapona, lakini kano za kifundo cha mkono zilikuwa zimekatika. Alirudi nyumbani Kiseke na vidole vilivyokunjika nusu, visivyoweza kubonyeza kitu.

Kwaya ilipata mpigaji mwingine, Ngosha, mtu mpole asiye na makuu. Hellen akawa anakaa benchi la nyuma, na misa ikiisha anaondoka kabla watu hawajaanza kusalimiana. Pole zao zilikuwa zimemchosha.

Alasiri moja alikuwa barazani anachambua mchele kwa mkono wa kulia. Mumewe, Luhaga, fundi wa injini za boti, alikuwa pembeni akifuta grisi vidoleni.

"Mama Rebeka, huo mguu unafanya nini?"

Hellen akatazama chini. Mguu wake ulikuwa unagonga sakafu: kisigino, vidole, kisigino tena.

"Unapiga sehemu ya mkono wa kushoto," alisema, akashangaa mwenyewe.

Kinanda cha Buswelu kilikuwa na safu ya vibao vya kukanyaga chini, vya kutoa sauti za besi. Kwaya haikuvihitaji, na hakuna aliyevigusa zaidi ya mfagiaji. Kesho yake Hellen alimfuata Yeremia, mwalimu wa kwaya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Yeremia. Naomba ufunguo wa kanisa."

"Karibu sana. Ngosha atafurahi ukimsaidia."

"Sijaja kumsaidia Ngosha. Nataka kuona kama miguu yangu inafundishika."

Yeremia alitaka kucheka, akamwangalia usoni, akaenda kuleta ufunguo.

Mwanzoni miguu ilikanyaga vibao viwili kwa pamoja, na kanisa likanguruma vibaya. Hellen alivua viatu, akajaribu na soksi. Tatizo jingine lilikuwa Haydn mwenyewe: mkono wa kushoto aliouandikia hukimbia, na miguu haiwezi kukimbia vile. Ikabidi Hellen aandike upya. Katika kila kundi la nota za kushoto alichagua ile inayobeba nyingine zote, akaupa mguu. Zilizobaki alizisogeza juu, zichukuliwe na dole gumba la kulia. Nyingine alizifuta, na kufuta kulimuuma. Tena sauti ya piano hufifia yenyewe, lakini ya kinanda hubaki mpaka uiachie. Akajifunza kuinua mguu mapema ili wimbo upate kupumua.

Ngosha alimkuta siku moja akiwa katikati ya sehemu ya polepole ya sonata moja. Alikaa akasikiliza mpaka mwisho.

"Mama, Jumapili upige hiyo baada ya komunyo."

"Nikikosea?"

"Mimi hukosea kila Jumapili. Hukunisikia?"

Hellen alicheka, alikuwa amemsikia.

Jumapili hiyo alipiga. Alikosea mahali pamoja, mguu ukachelewa, akaendelea. Kanisani kulikuwa na utulivu, ila watoto wawili watatu. Luhaga, aliyezoea kusinzia wakati huo, alikaa wima akiitazama miguu ya mkewe. Nje, bibi mmoja alimshika Hellen mkono, ule mbovu, akamwambia wimbo ulikuwa mzuri ila mrefu. Hellen akabaki uwanjani akiongea na watu mpaka jua likawa kali.

Tangu hapo amepanga upya sehemu za polepole za sonata tatu, na Ngosha ameanza kujifunza vibao vya chini. Sehemu za haraka alizijaribu kwa miezi, zikamshinda. Yeremia alipomuuliza kama ataendelea nazo, alitikisa kichwa bila huzuni.

"Hizo ni za mikono miwili," alisema. "Na nilizipiga sana."