Kipimajoto Changu na Sato wa Mama Mkwe

Hadi leo nikiona sato naona aibu.

Nafanya kazi kiwanda cha samaki, Nyakato. Kutwa nadunga samaki kwa kipimajoto chenye ncha, na mwenye joto namrudisha kwenye barafu. Kifaa hicho nakipenda hadi natembea nacho kwenye pochi.

Jumapili mchumba wangu alinipeleka kwao Bujora kunitambulisha. Mama yake akatenga sato mzima wa kuchoma. Baba alipoanza kusali wote walifumba macho, ila mimi macho yalibaki kwa sato. Mkono ulishazoea. Nikamdunga tumboni, nikasoma, nikatamka kwa sauti ya kazini, "Huyu ana joto, rudisha kwenye barafu."

Sala ikakatika. Mama mkwe akakitazama kipimajoto, kisha akanitazama mimi.

"Mwanangu," akauliza taratibu, "samaki wangu ana homa?"