Fatiha Tuliyoisoma Malvern

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu, vizuri kuliko hata siku niliyoolewa, na laiti ningeweza kuisahau. Ilikuwa Jumamosi ya baridi kali huko Malvern, mtaa wa pembeni mwa Toronto, nyumbani kwa Bi Sakina, mama wa Kitanga aliyenifundisha Kurani tangu tulipoingia Toronto nikiwa msichana mdogo. Wanawake walijaa besimenti yake, kile chumba cha chini ya nyumba, mpaka kwenye ngazi, mabuti yao yenye theluji yamerundikana mlangoni, na mimi ndiye niliyewaita. Nakusimulia leo kwa sababu uchaguzi umekaribia tena. Nasikia waheshimiwa wetu wawili Waislamu wamehama vyama, na wewe umeniambia umeombwa kufanya kampeni ya mmoja wao. Basi kaa unisikilize, chai ipo.

Wakati huo nilikuwa kijana mwepesi wa maneno, nikimfanyia kazi Bwana Nizar, mtu wa kwetu, mzaliwa wa Mombasa, aliyetaka ubunge. Alikuwa katika chama tawala. Kiongozi wa upinzani alikuwa amesema hadharani kwamba mwanamke aliyejifunika hafai kukaa kwenye kaunta ya ofisi ya serikali. Sote tulikereka, lakini maneno yale yalimchoma zaidi Rukia, binti wa jirani yake Bi Sakina. Yeye alikuwa ametoka kuomba kazi katika ofisi kama hiyo, na meneja alimwuliza, kwa ustaarabu kabisa, kama hicho kitambaa angeweza kukiacha nyumbani. Rukia alizaliwa hapa. Kiswahili alikielewa, ila akijibu ni Kiingereza tu, kama nyinyi. Siku ile alisimulia huku analia, na wanawake wakalia naye. Hata Bwana Nizar, aliyekaa karibu na ngazi, alifuta macho, na sidhani kwamba alikuwa akiigiza.

Akaahidi kwamba akiingia Bungeni atamtetea Rukia na kila binti aliye kama yeye. Wanawake nao wakaahidi kumpigia kura na kugonga milango ya watu kumwombea kura. Kisha mimi, mwanangu, mimi kwa mdomo wangu mwenyewe nikasema, "Bi Sakina, tusomee fatiha."

Unajua kwetu maana yake. Posa ikikubaliwa, au watu wakiuziana shamba, huinua mikono wakasoma fatiha, na baada ya hapo neno limefungwa. Siasa za huku hazina desturi hiyo. Mwanasiasa anakupa mkono na kikaratasi chenye picha yake, basi. Mimi ndiye niliyeiingiza humo nikijiona hodari. Bi Sakina alinitazama kidogo, akainua mikono, tukasoma.

Haikupita hata miezi mingi, chama tawala kikampa tiketi mtu mwingine. Bwana Nizar alikasirika, na hasira yake ilikuwa ya haki, maana alikuwa amewatumikia. Wale wa upinzani hawakuchelewa. Walimpigia simu wakamwambia tiketi yao ya eneo lile lile bado iko wazi, na kwamba wangefurahi sana kuonekana na Mwislamu. Akaniita mkahawani kule Pickering.

"Zehra," akaniambia, "kubaki nje kunamsaidia nani? Kwao hatuna mtu hata mmoja. Nikiingia mle ndani, nitawabadilisha."

Nilitaka kuamini, kwa sababu nilikuwa nimeahidiwa kazi katika ofisi yake ya ubunge. Sikumwuliza tutamwambia nini Rukia. Nilichouliza ni mkutano wa kumtangaza utakuwa lini.

Ulifanyika katika ukumbi wa hoteli. Msichana mmoja wa chama alinishika bega, akanitoa kitini na kunisimamisha jukwaani, nyuma ya Bwana Nizar, karibu kabisa na kiongozi yule yule. Akanitengeneza mtandio kwa vidole vyake ili uonekane vizuri. Nikaelewa pale pale kwa nini nimewekwa hapo, mwanangu, sikuwa mjinga. Nikaelewa, na nikatabasamu. Picha ikatoka gazetini: kiongozi, Bwana Nizar, na meno yangu.

Ungedhani aibu ilinishika hapo. Wapi! Wiki iliyofuata nilikwenda kwa Bi Sakina kumwomba awaite wanawake tena, tusome fatiha nyingine kwa ajili ya chama kipya. Ndiyo, umesikia sawasawa. Nilidhani fatiha ni kama stika ya gari, unabandua ya zamani unabandika mpya.

Nilimkuta jikoni akikaanga sambusa, na Rukia yuko mezani anakunja manda. Bi Sakina hakupaza sauti. Alipunguza moto, akasema, "Mwanangu Zehra, ile ya kwanza umeipeleka wapi?"

Nikaanza kueleza habari za tiketi, habari za kuingia ndani na kuwabadilisha watu. Akaniacha mpaka nikaishiwa.

"Kuhama chama si haramu," akasema. "Ni vyama tu vile, si dini. Lakini lile neno hamkuwapa wenye chama, mlitupa sisi. Mngekuja kwanza hapa, wewe na Nizar, mkakaa pale pale mlipokaa, mkasema, mama zetu, mambo yamegeuka, tunaomba mtufungue. Pengine tungewafungua. Pengine tungekataa. Sasa sisi habari tumezipata gazetini, tena nakuona unacheka."

Nikamgeukia Rukia. Nilitumaini kijana mwenzangu atanielewa, nikamsemesha kwa Kiingereza, nikamwambia kwamba siasa ndivyo zilivyo. Akaweka manda chini. Alinijibu kwa Kiswahili, polepole, akilitafuta kila neno.

"Dada Zehra, mimi nililia mbele yako. Wewe ukaenda kusimama na yule kiongozi."

Kisha akaendelea kukunja. Hakuna aliyenifukuza. Bi Sakina hata alinifungia sambusa za kumpelekea mama yangu. Nilikaa garini na kile kifurushi cha moto mapajani, masikio yananiwaka katikati ya baridi ile, nikaona aibu ambayo sikuwahi kuiona kabla yake wala baada yake.

Ningependa kukuambia kwamba niliikataa ile kazi. Sikuikataa. Bwana Nizar alishinda, nami nikakaa ofisini kwake nikipokea simu. Mle ndani hakumbadilisha mtu, na uchaguzi mwingine ulipokaribia alirudi zake chama cha kwanza. Safari hiyo hakunihitaji. Kwa Bi Sakina niliendelea kwenda, nikamwomba radhi, akanipa. Rukia ndiye sikumwendea. Kila nikipanga kwenda nilipata kisingizio, mpaka familia yao ikahamia Brampton.

Halafu mwaka mmoja nilikwenda kwenye ofisi ya serikali kubadilisha kadi yangu ya matibabu. Nilipoitwa kaunta, aliyekaa pale alikuwa Rukia, kichwa wazi, nywele amezifunga nyuma vizuri. Mimi mbele yake nimejifunika. Sijui aliuvua mtandio kwa hiari yake au kwa kuchoka kusubiri kutetewa, na haki ya kumwuliza sikuwa nayo. Alinijua, niliona. Alinihudumia kwa adabu, akanipa kadi, akaniuliza kwa Kiingereza kama nina shida nyingine yoyote. Nikamwambia sina. Nikaondoka, mwanangu. Nilikuwa na shida na nikaondoka.

Kwa hiyo sikukatazi kampeni. Nenda, watu wetu wanahitaji wa kuwasemea. Lakini mheshimiwa wako akihama, kabla hujamfuata mwulize kama amewaaga wale aliowaahidi. Kama hajawaaga, mpeleke mwenyewe nyumba kwa nyumba, akae mbele yao aseme, na akikataa, usipande naye jukwaani hata wakupe kazi gani. Na wewe ukimkosea mtu, mwendee siku hiyo hiyo, usingoje mkutane akiwa kazini na watu wamepanga foleni nyuma yako.

Mungu akupe kauli unayoweza kuirudia mbele ya yeyote uliyempa. Akujaalie kuwatazama watu wako usoni, ukishinda na ukishindwa. Radhi zangu unazo, mwanangu. Zangu ni rahisi kuzipata. Katafute na za hao utakaokwenda kuwagongea milango.