Mstari wa Kumi na Saba

Wakati ule nilikuwa natengeneza kurasa za tovuti hapa Lubumbashi, na mfukoni nilikuwa na kadi zilizoandikwa "Injiniya". Injiniya sikuwa. Nilisoma informatiki, masomo ya kompyuta, miaka miwili tu, nikaacha, mengine nikajifunza kwa kutazama video na kunakili kazi za watu. Lakini kadi ilikuwa ngumu na inang'aa, na mtu akishaipokea haulizi zaidi.

Vita vilipochukua Goma, na baadaye Bukavu, watu walianza kufika mjini kwetu kwa njia ndefu. Wengine walizunguka nchi za jirani wakaingia kwa mpaka wa Kasumbalesa. Wengine walishuka Ziwa Tanganyika mpaka Kalemie, halafu wakakaa siku nyingi juu ya magunia ndani ya lori. Wengi walikuwa na ndugu hapa, wafanyabiashara wa Kivu ya Kaskazini wanaouza jumla na kusafirisha mizigo, lakini nyumba ya ndugu nayo hujaa. Ndipo kanisa letu la Kampemba likafungua ukumbi wake. Familia zililala humo kwenye mikeka, huku waumini wenye chumba cha ziada wakitafutwa mmoja mmoja.

Kazi ya kupanga nani aende nyumba gani, na lini, ilikuwa ya mama mmoja mzaliwa wa Butembo, muuzaji wa jumla wa maharagwe, aliyeishi hapa zaidi ya miaka ishirini. Tulimwita Mama Prezidenti. Alikuwa na daftari la shule ambamo aliandika familia kwa zamu. Chumba kikipatikana, familia ya kwanza inaondoka. Shida ni kwamba zamu ilibadilika kila siku. Huyu mimba imekaribia, yule sukari imepanda, wale mtoto wao anakohoa na sakafu ya ukumbi ni baridi. Kila badiliko lilikuwa mshale wa kalamu kutoka chini kwenda juu, na ukurasa ukaja kufanana na sahani ya tambi.

Jumapili moja baada ya ibada niliona daftari lile, nikacheka kidogo, kile kicheko cha mtu mwenye kadi.

"Mama, hii inaweza kukaa ndani ya telefone," nilimwambia. "Unashika mustari, unavuta juu, unaachia. Basi."

"Ninavuta na nini?"

"Na kidole."

"Na ile ingine inaenda wapi?"

"Inasogea yenyewe."

Alifikiri. "Itakamata siku ngapi?"

"Mbili."

Nilisema mbili kwa sababu sikuwa nimewahi kutengeneza kitu cha namna hiyo. Aliyewahi kukitengeneza angesema wiki mbili.

Nyumbani mambo yalikwenda vizuri mno. Nilitengeneza jedwali lenye majina ya familia, idadi ya watu na hali yao. Nikakuta kwamba vivinjari vya siku hizi vina njia yao tayari ya kuburuta vitu: unauambia mstari kwamba unaweza kuburutwa, nao unakubali. Nilishika kwa kipanya, nikavuta, nikaachia. Mistari mingine ikapisha kwa adabu. Nilimwita mke wangu aje aone. Alikuja na mwiko wa ugali mkononi, akatazama mstari ukipanda na kushuka mara tatu.

"Inapanda, inashuka," alisema. "Niliona. Bukari inapoa."

Jumanne nilisimama mbele ya ukumbi mzima kuonyesha kazi. Mama Prezidenti alifungua ukurasa kwenye simu yake, akaweka kidole juu ya familia ya mwisho, akavuta. Ukurasa wote ukapanda, pamoja na kichwa cha habari.

"Injiniya, iko inapanda yote," alisema.

"Gusa polepole, mama."

"Minagusa polepole."

"Shika kwanza, ngoja kidogo, halafu vuta."

Alishika, akangoja. Jina likageuka rangi ya bluu na simu ikamuuliza kama anataka kulinakili. Mwalimu mmoja mzee, aliyekimbia Goma na begi moja la vitabu, akasema kwa huruma, "Pengine kidole ya mama iko mukavu." Akajaribu yeye, baada ya kukilamba kidogo. Tulijaribu simu saba. Katika zote saba ukurasa ulipanda, ukashuka, na hakuna familia iliyoachana na mahali pake.

Ile njia ya tayari niliyoifurahia husikiliza kipanya. Kidole, kwenye simu nyingi, inakichukua kama mtu anayesoma ukurasa. Mimi nilikuwa nimejaribu kwa kipanya tu, na katika ukumbi ule vipanya pekee vilivyokuwepo vilikuwa vya miguu minne.

Siku mbili zikawa kumi. Niliandika upya kila kitu: kidole kinapogusa, kinaposogea, kinapoinuka. Mwanzoni mwa kila mstari niliweka mpini mdogo wa vistari vitatu, nikakiambia kivinjari kwamba kidole kikiwa juu ya mpini kisisogeze ukurasa. Safari hii mistari ilitii. Mama Prezidenti alikaa alasiri nzima na mke wa mchungaji wakapanga familia ishirini na tatu, wakijadiliana kila moja. Nilipita mara mbili karibu nao ili nishukuriwe.

Asubuhi yake akanipigia.

"Injiniya, bantu bangu banarudia fasi yabo."

Nilifungua ukurasa. Familia zote zilikuwa zimerudi kwenye mpangilio wa herufi, A mpaka Z, kana kwamba hakuna mimba wala kikohozi duniani. Nilielewa mara moja, na ndilo jambo baya zaidi, kwa sababu maana yake ningeweza kuelewa mapema. Nilikuwa nimesogeza mistari kwenye kioo cha simu tu. Seva, mahali orodha inapotunzwa, sikuiambia kitu. Ukiufungua ukurasa upya, seva inakupa orodha inayoijua.

"Mama, pole sana. Kazi yote imepotea."

"Haikupotea," alisema. "Niliandika na mu daftari."

Angenigombeza ingeniuma kidogo tu.

Nikarekebisha: kila mstari ukapewa nambari ya nafasi yake, na kila mtu akiachia kidole, mpangilio mzima unatumwa kwenye seva. Hapo nilijiona nimefika, nikaanza kuongeza vitu ambavyo hakuna aliyeviomba. Neno la siri Mama Prezidenti alilisahau mara tatu, nikaliondoa kabisa. Badala yake, mtu akifungua ukurasa mara ya kwanza anaandika jina lake, na ukurasa unaweka kumbukumbu: fulani amevuta mstari huu, kutoka hapa kwenda pale. Mimi sehemu ya jina niliandika "Injiniya".

Sasa lazima nimtaje mama yangu mdogo, mdogo wa mama yangu mzazi. Alikuwa mkulima upande wa Mitwaba, hukuhuku kwetu Katanga. Watu wenye silaha walipoingia kijijini kwao alitoka na wajukuu wanne, akatembea, akapanda lori, akafika kwangu. Nina vyumba viwili, mke na watoto watatu. Walikaa wiki moja, tukilala kama sabuni katika katoni, kisha mwenyewe akasema ataenda ukumbini. Huko baadhi walinong'ona kwamba orodha ile ni ya watu wa Kivu. Mama Prezidenti hakuinua hata macho. "Naye anakimbia," alisema. "Andika." Wakaandikwa. Zamu yao ilikuwa ya kumi na saba.

Jumatano moja, mchana, nilikuwa peke yangu nikiangalia kama ukurasa unatunza vizuri. Nilihitaji kuvuta mstari wowote, na kidole kikaenda kwa wa kumi na saba. Nikauvuta mpaka wa tatu. Nikaufungua ukurasa upya: umebaki wa tatu. Jaribio limefaulu. Nilijiambia nitaurudisha nikimaliza chai. Chai niliimaliza, nikafunga ukurasa.

Nimelifikiria sana jambo hilo. Kama ningetakiwa kusimama mbele ya yule mwalimu mzee na kumwambia, baba, rudi nyuma, ndugu zangu wapite, nisingeweza. Lakini mstari hauna macho, na mimi ndiye niliyehakikisha kwamba kuuvuta hakuchoshi mtu.

Siku iliyofuata mtu alituma anwani ya ukurasa kwenye kundi la WhatsApp la ukumbi mzima. Kitu nilichohangaika kumfundisha Mama Prezidenti, watu wale walikijua kwa dakika moja, bila mwalimu. Familia mbili zilipigania nafasi ya kwanza tangu asubuhi mpaka adhuhuri, hii inapanda, ile inapanda juu yake. Mwanamke mwenye mimba ya miezi minane, ambaye hakuwa na simu, alishuka kutoka wa kwanza mpaka wa ishirini na moja akiwa amekaa palepale kwenye mkeka wake.

Jumamosi Mama Prezidenti alikusanya watu wote ukumbini, saa nne asubuhi.

"Nani alivuta?" aliuliza.

Watu walitazama mikeka yao. Na mimi, ambaye hakuna aliyeniuliza, nikainua mkono.

"Mama, tunaweza kujua. Ukurasa uko na kumbukumbu."

Naapa kwamba nilikuwa nimesahau. Nilikuwa na furaha tu kwamba kile kitu nilichokiongeza bure sasa kina kazi.

"Soma," alisema.

Kumbukumbu ilipanga majina kwa herufi, nikaanza kusoma kutoka mwanzo, kwa sauti ya mtu anayetangaza matokeo ya mtihani. Mama fulani, mstari wa tisa kwenda wa pili. Watu wakacheka, mama akajifunika uso kwa kitenge. Baba fulani, wa kumi na mbili kwenda wa kwanza. Wakacheka tena. Nikateremsha macho kwenye mstari uliofuata, nikaanza kupangusa kioo kwa shati.

"Soma," alisema Mama Prezidenti.

"Telefone inasumbua kidogo."

"Leta."

Aliichukua, akampa mwalimu mzee. Mzee akavaa miwani, akasafisha koo na kusoma kwa ile sauti inayofika dawati la mwisho: "Injiniya. Mustari wa kumi na saba, kwenda wa tatu."

Hakuna aliyecheka.

"Wa kumi na saba njo nani?" mtu aliuliza.

Mama yangu mdogo alisimama polepole kutoka kwenye mkeka wake, mjukuu mdogo mgongoni. "Njo miye," alisema. "Lakini sikutuma mutu."

Mwanamume mmoja nyuma akaanza, "Tulisema tangu zamani, orodha hii—" Mama Prezidenti, aliyekuwa anachungulia kioo begani kwa mwalimu, akamkata. "We baba, uko mule mara mbili. Ngoja mwalimu afike kwako." Yule baba akakaa.

Kisha Mama Prezidenti akanigeukia, na sauti yake ilikuwa laini. "Injiniya, ulikuwa unajaribu mashini?"

Alikuwa ananifungulia mlango. Ningesema ndiyo, na ingekuwa nusu ya kweli, na watu wangekubali kwa sababu ya kadi. Nilimtazama mama yangu mdogo. Alikuwa bado amesimama, amekaza kitenge kifuani kama mtu anayesubiri hukumu kwa kosa asilolijua.

"Apana, mama," nilisema. "Nilitaka bapite."

"Bon," alisema. "Rudisha."

Seva ilikuwa bado na orodha ya Jumatano jioni, kabla ya vurugu, nikaifungua, na humo mama yangu mdogo alikuwa wa tatu. Kurudisha kwenyewe kuliniumbua zaidi. Ukurasa wangu haukujua kujisogeza kidole kinapofika chini ya kioo, jambo ambalo sikulifikiria, kwa kuwa siku zote nilikuwa navuta kwenda juu. Kwa hiyo nilivuta mstari wa tatu mpaka wa nane, kioo kikaisha. Nikaachia, nikasogeza ukurasa, nikashika tena. Wa nane mpaka wa kumi na mbili. Nikaachia. Mara nyingine ukaniponyoka ukarudi juu. Watu sitini hivi walinitazama nikiteremsha familia ya mama yangu mdogo kwa vituo vinne, jasho likinitoka katika baridi ya mwezi wa sita. Mwalimu mzee alikuwa anahesabu nafasi kwa sauti ya chini, akinisaidia.

Baada ya hapo ni simu ya Mama Prezidenti peke yake iliyoweza kuvuta. Wengine waliweza kutazama tu. Alidai pia safu mpya kwenye jedwali, iitwayo "Sababu", na mstari haukubali kusogea mpaka aandike kwa nini. Hilo lilikuwa wazo lake, na ndilo jambo pekee la akili katika ukurasa wote. Mwanamke mwenye mimba alirudi wa kwanza, akapata chumba kwa mfanyabiashara wa samaki Jumatatu, akajifungua Alhamisi.

Mama yangu mdogo hakuzungumza nami karibu wiki mbili. Nilipeleka unga, akaupokea kupitia wajukuu. Siku aliyofungua kinywa tulikuwa tunaanika blanketi nje ya ukumbi.

"Mu njia tulikuwa tunangojana," alisema. "Ata bale hatukujua majina. Mutu akichoka, bote banakaa chini. Sasa we ukanipitisha mbele ya bale banaume na bibi yabo, na mi siko na habari. Ningebaangalia namna gani?"

Akanipa ncha ya pili ya blanketi nishike.

Zamu yake ilifika baada ya wiki tano, kwa njia ya kawaida, mstari ukisogea juu kwa kuwa walio mbele wameondoka. Alipata nyumba ya mzee mjane, mstaafu wa reli, yenye uwanja mdogo nyuma ya jiko. Nilibeba magunia yao siku hiyo. Mvua za kwanza ziliponyesha alipanda mboga za lengalenga uwanja mzima bila kuuliza, na mzee akasema alikuwa anautaka kwa mihogo. Wanabishana mpaka leo, kila mmoja akingoja nimuunge mkono, na mimi nikifika pale najifanya nimekuja kuona watoto.