Veranda Niliyoing'arisha Mwenyewe

Siku ya kwanza kazini, katika jengo la ofisi katikati ya jiji, supavaiza hakunipa hata ndoo. Alinisimamisha ukumbini chini, mlangoni mwa lifti, watu wakiingia kazini.

"Wachana na nguo zao. Angalia viatu," akasema. "Kupiga deki ulifundishwa na mama yako. Hapa utajifunza haraka ya watu."

Nilisoma hadi darasa la nne tu, lakini kazi ile niliielewa. Korido hupigwa deki nusu kwa urefu wake, nusu ya pili ibaki kavu ya kupitia. Kibao cha manjano cha kuonya watu huwekwa kabla ya maji, si baada. Waya wa mashine ya kung'arishia sakafu haupiti njiani. Siku ya mvua unatandika mikeka ya mpira mlangoni, na ikilowa unaibadilisha.

Baadaye nilihamishiwa mtaa wa Kilimani, kwenye ofisi yenye vigae vinavyometameta, nami nikawa supavaiza. Huko niligundua kwamba mtu mzima akianguka, kwanza hutazama ni nani amemwona. Dada mmoja wa uhasibu aliteleza karibu na mtungi wa maji ya kunywa, akainuka mbio akijipangusa sketi.

"Niko sawa, niko sawa!"

Nilimkuta chooni akilia, mkono umefura.

"Mama, aki usiambie watu. Wale vijana watanicheka hadi Krismasi."

"Wacha wacheke. Ukinyamaza, ule mtungi utaendelea kuvuja, na kesho ataanguka mama mjamzito. Aibu ni ya sakafu, si yako. Twende kwa meneja."

Tangu hapo kila mfanyakazi mgeni nilimwambia kwa ukali: ukianguka, piga kelele, kisha uonyeshe mahali.

Nilistaafu nikarudi kwangu Waithaka. Nina veranda ya saruji ninayoipaka nta nyekundu. Kazini nisingeruhusu nta ile hata kwenye ngazi za nyuma. Lakini hapa, ambapo kila mtu huniita Shosho, yaani nyanya, wageni walisema, "Kwa Shosho kunang'aa!" nami nikavimba kichwa. Nikawapelekea kina mama wa kanisa mkebe mzima, wapake ngazi za mlango wa kanisa.

Asubuhi moja manyunyu yaliingia verandani. Nikatoka mbio na slipasi kuanua nguo, nikateleza, nikaangukia nyonga. Mguu ulikataa kusogea. Jirani yangu, Mama Kevo, akaita kutoka langoni.

"Shosho, uko? Nimesikia kishindo!"

"Niko sawa! Naanika mahindi!"

"Kwa hii mvua?"

"Nenda, nenda, tutaonana!"

Nikasikia nyayo zake zikienda. Nikabaki pale chini nikilowa, mimi niliyewafundisha watu kupiga kelele, nikiogopa kicheko cha jirani kuliko nilivyouogopa mguu wangu. Punde lango likasukumwa. Mama Kevo akasimama juu yangu, mikono kiunoni.

"Na hayo mahindi yako wapi, Shosho?"

Ndiye aliyenipeleka hospitali.

Niliporudi kanisani na mkongojo, nilisema ni baridi imeingia kwenye nyonga. Kina mama wakaniombea hiyo baridi kwa machozi. Nikiwa nimefumba macho nilisikia soli ya kiatu ikikwaruza mlangoni. Nilipofumbua, mzee mmoja aliyechelewa alikuwa amekumbatia nguzo, mguu wake umeteleza kwenye nta yangu. Alijikung'uta koti, akatazama kushoto na kulia, akaingia kama mtu ambaye hakuna kilichompata.

Uso ulinichoma. Nilienda nyumbani na uongo wangu, nikakaa nao wiki nzima.

Jumapili iliyopita, wakati wa matangazo, nilisimama.

"Ile haikuwa baridi," nikasema. "Nilianguka. Kwangu mwenyewe, kwa nta niliyopaka mwenyewe, ile ile niliyowaletea."

Walicheka, na Mama Kevo, aliyenitunzia siri hiyo muda wote, ndiye aliyecheka kwa sauti kubwa kuliko wote. Sitadanganya kwamba niliona nafuu. Niliegemea mkongojo, nikasubiri wamalize, kisha nikawapeleka mlangoni nikawaonyesha ngazi.